Tepetepe Hana Kabila

Nchi yenyewe siitaji, maana hata jina lake lina walinzi wa kulilinda, nami magoti yangu hayana mbio tena. Mkidhani mnaijua, ijueni kimoyomoyo.

Katika nchi hiyo watu walipendana kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Upendo wa Lazima ilipita bungeni kwa kura zote, na mbunge mmoja aliyekuwa amelala akahesabiwa kuwa amependa kuliko wenzake. Tangu siku hiyo ikawa marufuku kulitukana kabila lolote, dini yoyote, au watu wa upande wowote wa mto. Ukisema watu wa milimani ni wachoyo, ndani. Ukisema watu wa pwani hawapendi kazi, ndani, na aliyetikisa kichwa kukubali ndani naye. Jela zikafurika watu ambao mioyoni walikuwa wakipendana kabisa, ila midomo ndiyo ilikuwa haijapata habari.

Lakini matusi hayakai pale yanapoambiwa yakae. Watu wakaanza kuvimba mashavu. Wengine walikwenda porini kutukana miti, mpaka Idara ya Misitu ikalalamika. Ndipo Wizara ya Maelewano, chini ya Mheshimiwa Daktari Fumbwe Makalamba, ikapata dawa. Ikabuni mtu wa kutukanwa.

Mtu huyo aliitwa Bwana Tepetepe, na alikuwa akisikika redioni kila jioni, baada ya taarifa ya habari na kabla ya matangazo ya vifo. Tangazo la serikali lilieleza wazi kwamba Tepetepe hana kabila, hana kijiji, hana mama wala wajomba, na kwa hiyo kila raia ana haki ya kumtukana atakavyo bila kumwumiza mtu. Matusi mazuri yalisomwa hewani, na waliyoyatunga wakapewa picha ya Mheshimiwa yenye fremu.

Kulikuwa na tatizo dogo tu. Hata mtu wa kubuni lazima awe na tabia. Watunzi wa wizara walikaa semina baada ya semina, wakala kuku wa serikali wakamaliza, na tabia haikupatikana. Mwishowe wakaandika kile kilichokuwa kikiwachekesha majumbani kwao tangu utotoni. Tepetepe akawa mtu mzito wa maneno, anayebeba viatu mkononi mvua ikinyesha, na ambaye akiitwa na yeyote, kwa jina lolote, huitika, "Naam, nipo," na kwenda. Wezi wakimwita, huwaendea akawashikia gunia. Mbuzi akilia, Tepetepe huitika akamwendea. Nchi nzima ilicheka hadi ikashika mbavu.

Sasa ndipo anapoingia Siwema.

Siwema alikuwa Mchengele, na Wachengele ni watu wa mabondeni. Huko kwao msimu wa mafuriko ukungu hushuka mpaka mtu haoni mkono wake mwenyewe, na mto huhamia popote unapotaka. Ukisikia sauti inaita, unaitika. Huulizi kama umeitwa wewe au jirani yako, wala kama jina lililotajwa ni lako, kwa sababu anayeita huenda anazama, na anayezama hana nafasi ya kuchagua majina. Viatu hushikwa mkononi kwa sababu matope ya kule yakimeza kiatu hayarudishi. Basi, hayo ndiyo mambo yao yote, na hayakuwahi kumdhuru mtu.

Siwema na mumewe, Lugendo, walihamia mji mkuu siku nyingi zilizopita. Yeye alisuka nywele barazani, na Lugendo alichimba visima na mashimo ya vyoo. Redio ilipoanza kumleta Tepetepe, Siwema naye alicheka, tena sana. Alicheka mpaka jioni moja alipogundua kwamba nyumba nzima anacheka peke yake. Lugendo alikuwa ameacha zamani, hakumwambia.

Kidogo kidogo maneno yakaanza kumfikia barazani. Wateja wake, akiwa katikati ya kuwasuka, walisema akina Tepetepe wananuka matope, na kwamba akina Tepetepe wasingeachwa wakazaana namna hii. Kisha wakageuza shingo kwa upole, mkono wa Siwema ukiwa bado kwenye nywele zao, wakamwambia, "Si nyinyi, dada Siwema. Ni Tepetepe tu." Mwenye nyumba naye akaandika bombani kwamba Tepetepe haruhusiwi kuchota maji. Siwema alipouliza kama yeye anaruhusiwa, mwenye nyumba alishangaa sana, akamwuliza kwani yeye ni Tepetepe. Siwema akaanza kuchota mtaa wa pili. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na huyu nguruwe alikuwa wa kuchorwa.

Lililomkera zaidi ni Lugendo mwenyewe. Watoto wa mtaani walimwita Tepetepe kwa mbali ili wamsikie akiitika, naye akaitika. Akageuka, akarudi, akawauliza wanahitaji nini. Siwema alimgombeza mpaka sauti ikamkauka. Lugendo alisema mtoto naye huzama.

Asubuhi moja sajini wa polisi alikuwa amekaa kwenye gari njia panda, hana kazi. Akamwona Lugendo anapita na sepetu begani, akapaza sauti, "We Tepetepe!"

"Naam, afande, nipo," akasema Lugendo, akavuka barabara kumwendea.

Sajini alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa maana alikuwa mtu wa kupenda kupandishwa cheo. Tepetepe alikuwa mali ya serikali, na mali ya serikali ilikuwa inazurura njia panda na sepetu. Tena alikuwa amekiri mbele ya mashahidi.

Siwema alipofika kituoni akimtafuta mumewe, mkuu wa zamu alimweleza kwa adabu kwamba hapo hawana mume wa mtu. Wanaye Tepetepe, au walikuwa naye, maana wameshampeleka kwa wenyewe. Siwema alilia kwamba mtu hawezi kukamatwa bila kosa. Mkuu wa zamu alikubaliana naye kabisa. Akasema, "Lakini huyu hakukamatwa, mama. Mhusika wa hadithi hakamatwi. Huhifadhiwa."

Basi akaenda Idara ya Wahusika wa Kubuni ya Wizara ya Maelewano, jengo lenye ngazi nyingi na lifti iliyokuwa ikisubiri kuzinduliwa. Mkurugenzi, Bi Tausi Ngwalima, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Alimkaribisha chai, akamwuliza kwa nini anadhani watu wamemchanganya mumewe na Tepetepe.

"Kwa sababu Tepetepe mmemchonga kwa kutuiga sisi Wachengele," akasema Siwema. "Kuitika kwetu, viatu vyetu, kila kitu."

Mkurugenzi aliweka kikombe chini, akawaita makarani wawili waje wasikie. Siwema akarudia. Ndipo akaelezwa kwamba kwa muda wote wa Sheria ya Upendo, hakuna raia aliyewahi kulitukana kabila waziwazi namna ile. Wizara ilikuwa haijawahi kusema Mchengele ni kama Tepetepe. Redio haijasema. Mwenye nyumba hakusema. Amesema yeye. Kwa huruma, kwa kuwa ni mwanamke na ana machozi, hatafungwa. Atawaomba radhi Wachengele papo hapo. Na kwa kuwa Mchengele pekee aliyekuwepo chumbani alikuwa yeye, Siwema alisimama, akajiomba radhi. Kisha akaambiwa akae upande wa pili wa meza aipokee radhi hiyo kwa niaba ya kabila, naye akaipokea. Makarani wakapiga makofi.

Alipokuwa akitoka, mkurugenzi alimfariji kwamba asiwe na shaka, mhusika anatunzwa vizuri mpaka Siku ya Maelewano.

Siwema akasimama mlangoni. Kila mwaka, Siku ya Maelewano, Tepetepe wa majani makavu aliwekwa katikati ya uwanja wa taifa, wananchi wakamtukana, kisha wakampiga kwa fimbo mpaka akaisha, na wimbo wa taifa ukaimbwa. Aliuliza kwa sauti ndogo kama majani ya mwaka huu yamepatikana.

Mkurugenzi alihuzunika. Majani yalikuwa yameagizwa nje ya nchi, ya ubora wa hali ya juu, lakini yalihifadhiwa kwa muda shambani kwake, na ng'ombe hawajui mambo ya taifa. Kwa bahati nzuri, akasema, Mungu hamtupi mja wake, sajini mmoja wa njia panda ameiokoa sherehe.

Siwema alishuka ngazi zile akiwa ameshika ukuta. Alitaka kupiga kelele, na hakujua kelele hiyo aipige kwa nani. Jijini humo hakuna aliyekuwa akimchukia mumewe. Hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu anayekuchukia unaweza kumpigia magoti.

Alimpata Mheshimiwa Makalamba kwenye uzinduzi wa bomba lisilo na maji. Mheshimiwa alikuwa amekata utepe, amefungua bomba, amesikiliza upepo ukitoka, na sasa alikuwa akiusifu upepo. Siwema alijitupa miguuni pake mbele ya wapiga picha. Walinzi wakamrukia, lakini Mheshimiwa, aliyependa picha kuliko chakula, akawazuia.

"Mama," akasema, akiangalia kamera, "nikuulize kifalsafa. Tusi analotupiwa mtu asiyekuwepo, linampata nani?"

"Halikosi wa kumpata, Mheshimiwa," akasema Siwema. "Hili lilimkuta mume wangu njia panda, akienda kazini."

Wapiga picha wakaacha kupiga kidogo. Mheshimiwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa waziri tu. Akafikiri, au akakaa mkao wa kufikiri, kisha akatangaza kwamba serikali yake ni sikivu. Siku ya Maelewano, mbele ya umma wote, yeye mwenyewe atamwita yule kiumbe kwa jina la Tepetepe mara tatu. Mtu wa kweli ana jina lake, haitiki la mwingine. Asipoitika, atakuwa amethibitika kuwa mtu, na ataondoka na mkewe siku hiyohiyo. Akiitika, basi mhusika amejitambulisha mwenyewe, na sherehe iendelee. Watu wakashangilia hekima hiyo, na Siwema akashangilia pamoja nao, akilia.

Alipewa ruhusa ya kumwona. Lugendo alikuwa amehifadhiwa kwenye ghala la vifaa vya maigizo nyuma ya redio ya taifa, baina ya mapanga ya mbao na mwezi wa karatasi. Aliyelinda ghala alikuwa koplo mmoja wa milimani, Mashauri, mtu mwenye meno makubwa, aliyekuwa na redio yake ndogo mlangoni na aliyempenda Tepetepe sana. Siku za mwanzo alimwita kila mara, "Tepetepe, uji," "Tepetepe, amka," ili asikie akiitika. Sasa alikuwa amepunguza. Hakujua kwa nini haikuwa ikimchekesha kama ya redioni.

Siwema alimshika mumewe mashavu kwa mikono miwili. "Mara tatu tu, Lugendo. Ziba masikio. Uma ulimi. Mara tatu, halafu twende nyumbani, uitike maisha yako yote, sitakugombeza tena."

"Nitajaribu," akasema Lugendo.

"Usijaribu. Niahidi."

Lugendo alichokonoa udongo uliokauka chini ya ukucha. Mwishowe akaahidi, kwa kaburi la mama yake. Alisema itakuwa mara ya kwanza, na kwamba anaona haya, lakini ameahidi.

Koplo Mashauri, aliyekuwa akisikiliza bila kujificha, akauliza kama ni kweli huko kwao hakuna asiyeitika hata mmoja.

"Ni maiti tu," akasema Lugendo. "Tena na yeye huitikiwa. Aliye karibu naye huitika badala yake, ili anayeita asibaki kwenye ukungu akingoja."

Koplo alisema kweli duniani kuna mambo, akazima redio kwa kuwa betri zilikuwa ghali.

Siku ya Maelewano ikafika. Uwanja ulijaa mapema, kila raia na fimbo yake, fimbo zote zikiwa zimekaguliwa na kugongwa muhuri. Jukwaa la waheshimiwa lilisimamishwa juu ya shimo kuukuu la vyoo vya uwanja. Mfuniko wa shimo, uliokuwa sehemu ya sakafu ya jukwaa, ulipaswa kuwa wa zege, na kwenye taarifa za wizara ulikuwa wa zege, lakini uwanjani ulikuwa wa mbao laini iliyopakwa rangi ya zege. Iling'aa vizuri mno.

Lugendo aliletwa katikati, akafunguliwa mikono ili asionekane kama amefungwa. Siwema alisimama mbele kabisa kwenye kamba, mahali ambapo macho yao yangeweza kukutana.

Mheshimiwa alihutubia kwanza. Alisema taifa lao ndilo pekee duniani ambalo chuki imehamishiwa kwa mtu asiyekuwepo, na wageni wanakuja kujifunza. Alisema upendo una gharama, na gharama hiyo amebebeshwa mmoja ambaye haihisi. Kisha akashika kipaza sauti, akaita, "Tepetepe!"

Uwanja ukatulia. Lugendo alimtazama Siwema. Hakuitika.

Mara ya pili watu wote walimsaidia Mheshimiwa kuita, na sauti ile ilitikisa mabati. Lugendo alifumba macho. Mdomo wake wa chini ulikuwa kati ya meno, na damu ikamteremka kidevuni. Hakuitika. Siwema alikuwa ameushika mkono wa mtu asiyemjua, anaubana, anaomba Mungu, anaomba na wasio Mungu.

Mheshimiwa alijua mara ya tatu ndiyo ya magazeti. Akarudi nyuma hatua kadhaa apate nguvu, akainua mkono, akakanyaga pale palipong'aa kuliko pote. Mbao ikavunjika, na Mheshimiwa hakuwepo tena jukwaani.

Walinzi wake wakakimbilia ukingoni, wakapiga saluti kuelekea chini. Hakuna aliyeshuka, kwa kuwa kanuni zilikataza kumgusa Waziri bila kibali cha Waziri. Kipaza sauti kilikuwa kimekwenda naye, na kwa muda uwanja mzima ulisikia mtu anatapatapa, anameza, anatapika, anameza tena. Kisha ikaja sauti ambayo haikuwa ya hotuba. Ilikuwa sauti ya mtu anayezama, na hakulijua jina lingine lolote la kuita.

"Tepetepe," ikasema sauti. "Tepetepe, jamani."

Lugendo alifumbua macho, akamtafuta Siwema. Siwema alitikisa kichwa. Alikitikisa kwa nguvu zake zote, hapana, hapana, mwache afe, na hata leo hajalijutia hilo, wala mimi simlaumu. Lugendo alimtazama kama mtu anayeomba radhi.

"Naam, nipo," akasema. "Nakuja."

Akaenda. Kushuka shimoni ilikuwa kazi yake, hakuhitaji kamba. Alizama mpaka kifuani, akamwinua Mheshimiwa mabegani, akawaambia walinzi wavute, nao wakavuta kwa kuwa sasa wa kumgusa alikuwa mwingine.

Mheshimiwa aliogeshwa, akavishwa suti ya akiba, na jopo la wanazuoni likakaa. Halikuchukua muda. Mhusika ameitwa kwa jina lake mara ya tatu, na mhusika ameitika. Mheshimiwa alirudi kwenye kipaza sauti kipya akiwa bado anakohoa. Kwa dakika nzima alimtazama Lugendo, aliyesimama amelowa mavi ya taifa, na midomo ya Mheshimiwa ikacheza kana kwamba inatafuta neno dogo. Uwanja ulikuwa ukimsubiri. Kamera nazo zilikuwa zikimsubiri.

"Wananchi," akasema, "mlishuhudia nikiwa hatarini, na mmeshuhudia nimetoka. Je, kuna mtu yeyote aliyenitoa?"

"Hakuna," wakajibu.

"Basi sherehe iendelee."

Watu walianza kushuka uwanjani. Siwema aliruka kamba, askari wawili wakamdaka, akawauma, wakamshika vizuri zaidi. Aliita jina la mumewe, jina lake hasa, lakini kelele za "Tepetepe" zilikuwa nyingi na zake zikapotea ndani yake. Walipita mbele yake watu anaowajua. Alipita mwenye nyumba. Alipita mwanamke kijana ambaye Siwema alimsuka wiki ile ile, misuko bado inang'aa mafuta, fimbo mkononi. Mwanamke huyo alimwona, akasimama, akamgusa bega kwa upole.

"Si wewe, dada Siwema," akasema. "Ni Tepetepe tu."

Akashuka kuwafuata wenzake.

Taarifa ya wizara ilisomwa jioni ile. Ilisema sherehe zimefana, upendo umeongezeka, na hakuna mtu yeyote aliyeumizwa. Baada ya taarifa, redio ilimleta Bwana Tepetepe kama kawaida, akaanguka kutoka juu ya mpapai, akainuka, akajipangusa, na nchi ikacheka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosikiliza, na nathibitisha kwamba aliinuka.

Asubuhi Siwema alikwenda ghalani. Hakuna aliyemwambia chochote, na mtu asipoambiwa kitu hubaki na tumaini, liwe dogo namna gani. Lango lilikuwa limefungwa. Koplo Mashauri alisimama mbele yake, redio yake miguuni, imezimwa. Alimwambia hana ruhusa ya kumfungulia, na kwamba ghalani hamna mtu, ndivyo alivyoagizwa aseme.

Siwema akampita. Alisogea langoni, akaweka mdomo kwenye ufa wa mbao.

"Lugendo!"

Akasikiliza. Tangu amjue mume huyu, tangu wakiwa vijana kule mabondeni, hakuwahi kuliita jina hilo likakaa hewani. Akaita tena, safari hii kwa sauti ya kumgombeza, kama alivyokuwa akimgombeza barazani. Ndani kulikuwa kimya. Koplo Mashauri alikuwa ameanza kuhangaika, anavaa kofia, anaivua, anatazama barabarani kama kuna mkubwa anayekuja.

Siwema akajaza pumzi, akaita mara ya tatu.

Koplo aliivua kofia, akaibana kwapani, akainamisha kichwa.

"Naam," akasema. "Nipo, mama."

Siwema akaacha kuita.